Cherehani Iliyopakwa Haradali

Nyumbani kwa Mama Rinku hapakosi watu. Asubuhi ile ya baridi wanawake walijaa kitandani na mkekani, wakila bisi za mchele na kuwasema majirani. Kesho yake bibi harusi Mollika alikuwa apakwe manjano, kama ilivyo ada kabla ya harusi. Blauzi yake, kazi ya Mama Rinku, ilikuwa bado ina mkono mmoja.

Cherehani ikalia kwii, kwii. Gurudumu likawa zito, kisha likagoma kabisa.

"Mollika atatoka na mkono mmoja!" akacheka Jostna, wifi yake Mama Rinku.

"Nyamaza wewe! Kina Mollika wakienda kwa fundi wa sokoni, hawarudi tena kwangu. Na mafuta nimeipaka jana tu. Mafuta safi ya haradali, nimeyapasha moto kama ya mtoto mchanga."

"Ndiyo umeiua," akasema jirani yao Lutfa, aliyeshona miaka mingi kiwandani.

"Mimi? Haradali tunapaka watoto, tunapaka nywele, tunakaangia samaki!"

"Huyu si mtoto, wala si samaki. Hiki chuma, shoga. Hebu sogea."

Lutfa akafungua kifuniko. Chuma kinachobeba sindano kilikuwa kimegandwa na mafuta ya kahawia yanayonata kama utomvu.

"Unakiona laini, siyo? Kina vilima vidogo, macho hayavioni. Chuma kikipita juu ya chuma, vilima vinakwaruzana. Huo ndio msuguano. Unaleta joto, unakula chuma. Mafuta yanakaa katikati, yanavitenganisha. Ni kama mtumbwi wa mumeo mferejini. Maji yakijaa?"

"Unateleza."

"Yakipungua?"

"Tumbo linakwaruza chini."

"Na magugu maji yakiziba?"

Mama Rinku akashika mdomo. "Hausogei hata kwa upondo!"

"Basi. Haradali ikikaa inakauka, inanata. Mfereji wako umejaa magugu."

Wakazima jiko walilokuwa wakiota, mafuta ya taa yasije yakashika moto. Lutfa akasafisha utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akakausha vizuri. Kisha akatia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila panaposuguana.

"Tone tu?" akauliza Jostna.

"Ukimwaga, yatachafua nguo ya watu."

Gurudumu likazunguka kwa kidole. Umbea ukarudi, na mkono wa pili ukashonwa kabla ya adhuhuri.

Kesho yake Mama Rinku alifika kwa kina Mollika na chupa yake ya haradali. Akaichanganya na manjano, akampaka bibi harusi mashavuni.

"Kila mafuta na mwili wake," akasema.