Ng'ambo ya Zulia la Maua

Soko la maua asubuhi ya sikukuu ya Ekaristi halina adabu: unasukumwa, unakanyagwa, na pole huambiwi. Fundi cherehani alikuwa amekumbatia kikapu cha petali nyekundu, kitenge chake kipya kimeshalowa, alipogongana na mwanamume mwenye fimbo.

"Sindano!"

Moyo ukamlipuka. Jina hilo alibandikwa na mtu mmoja tu, yule seremala aliyekwenda kutafuta kazi mbali, akawa anapiga simu kila jioni, kisha kimya, kama kamezwa na ardhi.

"Kumbe uko hai! Mwenzio nimekulilia mpaka nikamaliza."

"Nilianguka kazini. Mguu ndio huu. Sikutaka uolewe na kilema kwa huruma."

"Si ungeniuliza? Mimi nilipenda mguu?"

Wakacheka wote wawili, kisha fundi akalia peke yake. Akamwonyesha pete. Mwalimu wa kwaya alikuwa amemchumbia, mtu mwema kabisa, na matangazo ya ndoa yalishaanza kusomwa kanisani.

Seremala akamfuata hadi barabara ya kanisa, akasimama ukingoni; fundi akainama na wenzake upande wa pili, wakatandika zulia la petali katikati ya njia. Petali zikanyunyiziwa maji zisipeperuke. Zulia likishakamilika, hakuna wa kulikanyaga kabla ya padri aliyebeba Ekaristi. Simu ya fundi ikalia; ni seremala, kutoka ng'ambo.

"Vuka, mpenzi. Tuondoke."

"Nivuke vipi na zulia hili?"

"Basi nitangoja Ekaristi ipite."

Fundi alishukuru, maskini, kuwa na kisingizio. Lakini kengele zikalia, ubani ukafuka, padri akapita taratibu. Kwaya ikafuata, na mchumba wake akamtupia tabasamu la mtu asiyejua lolote. Umati ukapita nyuma yao, maua yakawa tope.

Simu ikalia tena. "Njia nyeupe sasa, Sindano."

"Naiona."

Alimpenda, na tusidanganyane, alimpenda kuliko yule anayeimba. Ila aliyeamua peke yake jana, kesho pia ataamua peke yake, naye fundi atabaki anahesabiwa kama mgeni katika maisha yake mwenyewe.

"Siku ile ulipoanguka ndiyo ulipaswa kuniita," alisema. "Ningekuja kwa miguu. Nenda salama, kipenzi changu."

Akazima simu. Akachukua ufagio kama akina mama wengine, akaanza kufagia, machozi yakimtiririka mbele za watu.