Gauni la Kimya

Mchana ule nyumba ya fundi cherehani ilikuwa kama imelala. Jua lilipenya pazia, likatulia juu ya vitambaa. Cherehani iliimba. Kando ya fundi, binti yake wa wiki mbili alifyonza chuchu ya mpira ya kutulizia, macho nusu wazi. Alikuwa halii, ndiyo maana wakamwita Kimya.

"Umebarikiwa, wifi," alisema dada wa mumewe, aliyeinunua ile chuchu. "Wangu walinitoa roho!"

Fundi alicheka. Kimya akichezesha midomo tu, alimpa chuchu, akaendelea kushona huku akiota mchana kweupe: Kimya anakimbia, Kimya anakwenda shule.

Siku hiyo akamvisha gauni alilomshonea alipozaliwa. Wakati ule lilimkaa sawasawa. Sasa lilimpwaya. Fundi akashika kiuno cha mwanawe, na mkono wa fundi haudanganyi. Hofu ikamjaa. Akambeba mbio kwa jirani yake, mkunga.

Mkunga akampima. "Uzito umeshuka. Nepi zinalowa?"

"Mara nyingi nazikuta kavu. Na maziwa yangu yanapungua."

"Shoga, huyu hajatulia, ana njaa. Akichezesha midomo au akinyonya vidole, anaomba ziwa. Wewe unampa mpira."

"Lakini hata akishiba anataka kufyonza. Si anadeka?"

"Mwache adeke! Kunyonya kunamtuliza, tena ndiko kunakoita maziwa. Mpira hauiti kitu. Uweke kando mpaka anyonye vizuri na uzito upande, kama mwezi hivi. Hata hapo, ni akishashiba, na usiufunge kamba shingoni. Kesho mlete nimpime tena."

Cherehani ikanyamaza. Fundi alijilaza na mwanawe kifuani, akimnyonyesha kila mtoto alipotaka, mchana na usiku. Wateja walinung'unika, mume akawaomba wasubiri. Fundi alisinzia akisikiliza mtoto anavyomeza. Haba na haba hujaza kibaba: nepi zikaanza kulowa, maziwa yakarudi, na kila alipopimwa uzito ulikuwa umepanda.

Wifi alipokuja tena wiki chache baadaye, alipokewa na kilio cha kutikisa bati.

"Makubwa! Huyu ndiye Kimya?"

"Ndiye. Ananiita," fundi alijibu, akimweka kwenye ziwa.

Aliposhiba, wakamvisha lile gauni. Vifungo vikagoma kufungika. Fundi akachukua mkasi, akaanza kufumua mishono ili alipanue. Machozi yalimtoka, na hakuwa amewahi kuharibu kazi yake kwa furaha kama ile.