Kiwanja cha Mwezi wa Pili

Kila mwaka mto ukijaa, nilikunja godoro, nikalibeba kichwani, nikatoka na watoto. Nyumba yetu ilikuwa kando ya maji. Jamani, nilikuwa nimechoka. Hata nguvu ya kugombana sikuwa nayo tena.

Mwezi wa pili mume wangu, Hemedi, alirudi akicheka.

"Mama Bilali, nimepata kiwanja ingine! Udongo mukavu kabisa. Kesho namupa muuzaji jibu."

"Na hii tunamokaa, ulinunua mwezi gani?"

Alijikuna kichwa. "Mwezi wa pili."

"Eh! Kiangazi kila kiwanja kinakauka, Papa Bilali!"

"Lakini muuzaji anasema maji haifikake kule hata siku moja."

"Ulitaka aseme nini?"

Hemedi akachukua simu, akaandika "mafuriko Kisangani". Zikaja habari za miji ya mbali, lakini za kiwanja chake, hakuna. Akaitupa simu kitandani.

Jioni tulikwenda kwa jirani yetu Nadège. Yeye anafanya kazi ya ramani huko Makiso, katikati ya mji. Tulimkuta anakoroga pondu, mboga ya majani ya muhogo, amechoka kama sisi. Hata hivyo alifungua kompyuta.

"Tonton Hemedi, umetafuta kwa maneno. Setilaiti inapita huku juu, inapiga picha za nchi yote. Picha haina maneno. Donc, programu hii inatafuta kwa vitu viwili: wapi na lini."

Akachora kisanduku kwenye ramani, juu ya kile kiwanja. "Wapi, ni hapa. Lini, ni mwezi wa kumi na moja, mto ukijaa."

"Programu ni ya nani?" Hemedi akauliza.

"Ni programu huria. Wenye kuitengeneza wameiacha wazi. Kila mutu anaitumia bure, na mwenye kujua anaweza kuirekebisha."

Picha ya kwanza ilikuwa mawingu. Ya pili, mawingu.

"Aa, tunapoteza wakati tu!" Hemedi akasema.

"Ngoja, tonton. Bon, turudi mwaka wa nyuma."

Picha ikafunguka. Tuliona barabara, tukaona mabati ya nyumba. Penye kiwanja tuliona maji ya rangi ya chai.

Hemedi akainamisha kichwa. Nilimhurumia kweli. Kisha akasema polepole, "Angalia na ile kiwanja ingine, ya njia ya Kapalata." Kiwanja kile alikuwa amekikataa mwanzoni kwa sababu ni mbali.

Nadège alichora kisanduku kingine, akapitia miaka kadhaa. Hatukuona maji.

"Lakini muulize na majirani wa kule," alisema. "Picha haioni yote."

Tuliwauliza, wakasema maji hayajawahi kufika, kisha tukanunua na kujenga kule. Ni mbali kweli. Hemedi anarudi nyumbani kwa toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, mgongo unamuuma kwa kukaa nyuma, analalamika.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilipiga tangu alfajiri. Watu wakasema mto umejaa. Mikono yangu yenyewe ikaanza kukunja godoro.

"Mama Bilali, unaenda wapi?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa kavu. Nikalitandika godoro, nikalala juu yake mchana ule, machozi yakinitoka.

Hemedi akawaambia watoto, "Muache kelele. Mama yenu amelala."