Siku Thelathini Nyingine

Foleni ya ofisi ya kodi pale Homa Bay ilikuwa imefika hadi barazani, na jua la Machi 1996 halikumwonea mtu huruma. Nicholas, kijana wa Rusinga aliyewatengenezea wafanyabiashara hesabu zao, akakanyaga pindo la buibui la mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Ala! Hayo macho ni ya nini?"

"Ya kukuona wewe, madam."

Yule mwanamke alijizuia kucheka, akashindwa. Nicholas alikwisha hapo hapo. Jina lake Kaltum, mwenye duka la vitambaa Migori. Mtandio wake wa zambarau ulinukia udi, na risiti zake zilijaa mfuko mzima wa unga. Kaka yake wa Garissa, Abdisalam, alikuwa amempa hadi mwisho wa Julai: duka lisiposimama, alifunge, arudi nyumbani kuolewa na Mohammad, mtu asiyempenda hata kidogo.

"Nitakuandikia barua ya kuomba muda," Nicholas akasema. "Siku thelathini. Halafu nikupangie hizi karatasi."

"Watakubali?"

"Wasipokubali niite mbwa."

Wakakubali. Wakaenda kula ngege wa kukaanga karibu na ziwa, Kaltum akichambua miiba huku akimtania.

Mwisho wa Aprili Nicholas alipiga simu dukani.

"Jaber, mrembo, kazi bado. Njoo Jumatano tuombe muda tena."

"Tena? Karani gani wewe?"

"Karani mpole."

"Haya, mpole. Lakini samaki ni juu yako!"

Mei ikawa vivyo hivyo, na Juni. Kumbe kazi ilikwisha zamani, imelala kwenye droo! Nicholas aliogopa. Hesabu zikishapelekwa, Mwislamu wa Garissa na Mkristo wa Rusinga wangekutana tena kwa sababu gani? Kumwambia anampenda, kila mara aliishia kumtania. Basi akawa anaomba siku za serikali ili apate siku za mapenzi, na mjinga yule hakuona ubaya.

Mwishoni mwa Julai, Kaltum alifika ofisini kwake bila kupiga simu. Nicholas, kwa furaha, akakimbilia nje kumletea chai. Aliporudi alimkuta amesimama, droo wazi, fomu mkononi.

"Nilikuwa natafuta kalamu," Kaltum akasema. "Hii ni nini?"

Chini ya fomu palikuwa na tarehe kwa mwandiko wa Nicholas: 12 Aprili. Kazi aliificha, lakini tarehe ya kuimaliza hakuacha kuiandika. Mazoea ya ukarani hayo.

"Kaltum, ngoja nikueleze..."

"Kulikuwa na tenda. Mablanketi ya shule ya bweni kule Lambwe. Walitaka cheti cha kodi. Nikawaambia karani wangu bado. Wiki iliyopita wamempa mwingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Jambo hutangazwa likiwa bado bichi? Nilitaka ukisikia ushangae. Tenda hiyo ndiyo ingeniweka huku, Nicholas. Huku na wewe!"

Nicholas akaweka kikombe mezani bila kuangalia. Chai ikamwagikia faili za watu.

"Nilitaka tu uwe unakuja," akasema. "Nakupenda. Nisamehe. Niko tayari kusilimu, hata leo, nikuoe."

Kaltum alilia bila kujificha. Kisha akamshika mkono, mara ya kwanza tangu wajuane.

"Nimekusamehe, wallahi. Lakini Abdisalam yuko Migori tangu jana, anapakia vitambaa kwenye lori. Nilimpa neno langu."

"Mwombe muda. Wiki moja tu!"

"Abdisalam si ofisi ya kodi." Akajifuta macho kwa mtandio. "Ungesema tu unanipenda. Ningekuja kila wiki, bila barua."

Akaitia fomu sahihi. "Peleka. Nisiache jina baya huku." Akatoka, na Nicholas hakuthubutu kumfuata.

Alipanga foleni peke yake. Afisa akaigonga muhuri.

"Leo hamkuomba muda?"

"Hapana."

Baada ya siku tatu akaitwa kuchukua cheti. Kilikuwa safi, jina la Kaltum limepigwa taipu vizuri bila kosa. Nicholas akapiga simu Migori. Ikalia, ikalia, mpaka mama wa posta aliyeunganisha simu akamwambia, "Kijana, hao wamehama."