Bibi Harusi wa Faiba

Filemoni ndiye aliyegundua kwanza: ubavu wa boti uliokuwa kivulini ulikuwa na joto kuliko ule uliopigwa jua.

"Hebu gusa hapa, Lautafi."

Nikagusa. Nimekarabati boti kuanzia Pago Pago hadi Brisbane, nikifukuzwa kila bandari kwa sababu ya mdomo wangu huu, lakini faiba, nyuzi za kioo na gundi, huwa baridi; sikuwahi kugusa yenye joto la shingo ya mtu.

"Mkeo mdogo ana homa," nikasema. "Mtafutie dawa."

Mzaha huo niliuanzisha mwenyewe. Boti ilikuwa imetupwa nyasini mjini Apia, kisiwani kwetu, kwa miaka kumi na tisa, na Filemoni aliinunua ili avue samaki. Tulipokwisha kukwangua rangi ya zamani na kuziba mashimo kwa puti, alikuwa akishinda anaipapasa kwa kiganja, macho kafumba, maana bonde dogo kwenye puti halionwi, huhisiwa. Basi nikaivisha shada la maua kwenye omo, mbele kabisa, nikapanda juu ya debe la rangi kama mchungaji. "Filemoni, unamkubali huyu?"

"Namkubali! Yule wa nyumbani abaki kupika."

Mafundi walicheka hadi wakakaa chini.

Siku ile ya homa, Fuatino, mkewe wa kweli, akaja mchana na magimbi. "Shemeji, nasikia umeniletea mke mwenza."

"Tena hali chakula, shemeji. Shukuru Mungu."

Akaicheka ile boti, akaibandika viganja viwili ubavuni na kuisukuma. "We mwanamke, mume huyu analala kwangu. Umesikia?"

Kesho yake tulikuta praima nyeupe, rangi ya msingi, imetoka malengelenge. Faiba kuukuu hunywa maji ikavimba, kila fundi anajua, na ukilitoboa lengelenge hutoka maji yanayonuka siki. Lakini haya yalikuwa na umbo la viganja viwili, na vidole kumi.

Fuatino hakuleta chakula siku hiyo. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, hawezi kushika hata kijiko.

Tukapiga msasa upya, tukapaka upya, na kila tulipopaka yalirudi, na kila yaliporudi kule nyumbani yalimpanda Fuatino, kifundo cha mkono, kiwiko, bega, hadi ikafika Ijumaa, saa sita mchana, uwanja mzima wa kukarabatia boti umenyamaza, mimi na Filemoni tumesimama na msasa mkononi bila kusaga chochote, tukasikia ndani ya boti tupu kitu kinasugua, polepole, bila haraka, kama mwali anayejisugua visigino kabla ya kupelekwa kwa mume.

"Siyo wewe?" Filemoni akanong'ona.

"Siyo mimi."

"Basi mwite Bibi Taligi. Mke wangu anakufa, Lautafi."

Bibi Taligi, mganga wa majani, aliagiza mgonjwa aletwe palepale uwanjani. Akamlaza kwenye mkeka, akampaka mafuta ya nazi, akamsugua kwa majani, akauliza kwa ukali wa mama mkwe:

"Nani wewe?"

Mdomo wa Fuatino ukajibu, kwa sauti isiyo yake. "Mkewe."

"Nani aliyekufungisha ndoa?"

Kidole kilichovimba kikaninyookea mimi.

"Mpumbavu," Bibi Taligi akaniambia, bila hata kugeuka.

Filemoni akapiga magoti. "Nakuacha! Mbele ya watu wote hawa, nakuacha!"

"Uliniita mkeo mbele ya watu, unaniacha mbele ya watu? Mwenzangu amelala kwako miaka kumi na miwili, mimi hata usiku mmoja? Siendi peke yangu. Nakwenda naye."

Malengelenge yakafika shingoni. Fuatino akaanza kukoroma kama anayezama.

Nina miaka hamsini na mmoja, sijaoa, na wanaoufahamu mdomo wangu hawaulizi sababu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Njoo kwangu."

Kisha ile sauti: "Unatania."

"Safari hii sitanii."

Fuatino akavuta pumzi. Malengelenge yakanywea mbele ya macho yetu, na alasiri akaomba uji. Filemoni akagusa boti: baridi, faiba tu. Tukaipaka bluu kabla umande haujaanguka, ikakauka laini kama kioo.

Jioni dada yangu akanipigia kutoka Auckland.

"Lautafi, nani yule mwanamke aliyepokea simu yako alasiri?"

"Alisemaje?"

"Aliuliza mimi ni nani kwako. Nikamwambia ni dada yako, tumbo moja. Hakuniamini."