Ukweli Uliosubiri Muhuri

Jumatatu asubuhi maji ya bomba letu yalinuka dawa. Mama akakunja pua, akaendelea kuosha vyombo. Kufikia saa nne, sauti ya mtu asiyejulikana ilikuwa imezunguka kwenye simu za mtaa mzima: "Wametia sumu! Watumie wote unaowapenda."

Bibi alitupenda sana. Akamwaga pipa zima la maji ya bomba, akatuchotea maji ya dimbwi la machimbo.

"Bibi, humu mna vyura," nikasema.

"Chura yuko hai, au sivyo? Kunywa!"

Hoja nzito. Hata walimu wangu wa shule wasingeijibu. Bibi akanywa wa kwanza.

Tukapiga simu ofisi ya maji. Haikupokelewa. Jumatano Bibi alilazwa zahanati, anaharisha, dripu mkononi.

Mama alijaza jagi maji ya bomba, akaenda nalo ofisini, mimi nyuma. Shangazi, binti wa Bibi, ndiye ofisa habari pale.

"Wifi, haya ni sumu?"

"Hapana. Bomba kuu lilipasuka, tope likaingia. Fundi kaongeza dawa ya kuua vijidudu. Maji yamepimwa, ni salama. Harufu itaisha Ijumaa."

"Ulijua lini?"

Shangazi akainama. "Jumatatu."

"Mama yako mzazi ana dripu, nawe umeuatamia ukweli kama kuku!"

"Tumekatazwa kusema mpaka Mkuu asaini. Yuko safarini."

Naibu wa Mkuu akatokea, tai imemkaba. "Mama, kuna utaratibu..."

"Utaratibu! Uongo umeingia jikoni kwangu bila hodi. Ukweli wenu umo kabatini, unasubiri muhuri!" Mama akamimina maji kwenye glasi ya mezani. "Kunywa."

Foleni nzima ya wateja ikageuka. Naibu akanywa. Shangazi akainua simu yake kurekodi.

"Rudia, bosi. Safari hii eleza kwa nini yananuka."

"Bila saini?"

"Tukinyamaza, mwongo ndiye msemaji wetu. Tuseme mapema kilichotokea, tulichofanya, tusichokijua bado, na pa kuuliza. Kwa maneno ya watu, si ya barua."

Naibu akatazama foleni. Akanywa tena, akaeleza. Shangazi akaituma video kwenye simu za mtaa; jioni mtaa ulirudi bombani.

Siku hizi fundi mwenyewe hutuma sauti yake kabla ya kufunga maji, na simu ya ofisi hupokelewa. Uvumi wa pili ulipokuja, Bibi, mzima wa afya, alimpigia na kumhoji mpaka fundi akaomba ruhusa arudi kazini. Kisha Bibi akapita nyumba kwa nyumba: "Mmemuuliza fundi? Basi nyamazeni!"

Mama hajamsamehe mtu. Wiki tatu baada ya bomba kupasuka, tangazo rasmi lilitufikia, lina muhuri na saini: "Yah: Ukanushaji wa Taarifa Potofu." Alilisoma lote, kwa heshima zote. Kisha akafunikia jagi la maji.

"Angalau," akasema, "limefika kwenye maji."