Siku Telesphori Alipokata Wimbo

Katika shule yetu ya misheni, upande wa Ushirombo, siku ilianza na jembe. Mwaka 1934 hakuna aliyeona ajabu. Tulilima shamba la shule mpaka kipande cha reli, ndiyo kengele yetu, kigongwe, ndipo tunawe miguu tuingie darasani.

Aliyetuimbisha ni Telesphori. Kwetu jembe hufuata wimbo. Mwimbishaji akinyamaza, majembe yote hutua. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya baba wa watu, na ndevu hana.

Msimu ule Mwalimu Marselino akatuhamishia kwenye shamba lake la karanga. Kengele ikilia, yeye husema, "Malizeni kwanza matuta haya." Tukimaliza, hesabu imeshapita. Jambo hili lilimuuma Telesphori, maana alikuwa akingojea mtihani wa kwenda chuo cha ualimu.

"Wewe utafanya mtihani wa karanga," Coletha, mwanafunzi mwenzetu, alimtania.

Asubuhi moja kengele ililia, Telesphori akaukata wimbo katikati ya neno. Majembe yakatua.

"Nani amewaambia mwache?" Mwalimu akauliza.

Coletha akanong'ona, "Nyamaza. Hukumwambia mtu kitu."

Ilikuwa kweli, angeweza kujificha humo. Lakini alisogea mbele. "Ni mimi, Mwalimu. Nimekata wimbo makusudi. Kengele imelia, tunataka kusoma."

"Basi kusoma kwako kumekwisha. Nenda kwenu ukawaimbie mbuzi."

Kesho yake tulisimama shambani na majembe yetu. Mwalimu akamwamuru Coletha aimbishe.

"Mwimbishaji wetu amefukuzwa, Mwalimu," akajibu kwa adabu. Hakuna jembe lililoinuka.

Hapo akatokea Padre, mkuu wa misheni, na nyuma yake Telesphori na mama yake, Paskazia, aliyekuwa amekwenda kumwita huyo Padre.

"Tumsifu Yesu Kristu," Padre alisema.

"Milele, amina."

Akamtaka Telesphori aeleze. Telesphori alieleza yote, hakuongeza chumvi. Padre akamgeukia Mwalimu. "Karanga hizi ni za nani?"

"Ni zangu, Padre," Mwalimu akakiri. Tangu siku hiyo alilima mwenyewe, na Telesphori akarudi darasani.

Paskazia alimwambia mwanawe mbele yetu, "Kuacha jembe hata mvivu anaweza. Padre amekuamini kwa sababu ulisema 'ni mimi' wakati ungeweza kujificha. Ila siku nyingine tuambie wakubwa mapema, usibebe peke yako."

Telesphori alikuja kuwa mwalimu, na sasa ni marehemu. Pale shuleni, reli ikigongwa, watoto hukata wimbo hata katikati ya neno. Wao husema tu, "Telesphori amelia," kisha hukimbia kunawa miguu.